Mshika Simu wa Soko la Chini

Mnataka historia ipi, ndugu waombolezaji, ile iliyoletwa jana jioni na ofisi ya ujumbe wa amani, imepigwa chapa vizuri, na picha ya marehemu akiwa amevishwa kizibao cha buluu ambacho hakikuwa chake, au ile aliyoiishi? Tunauliza mapema kwa sababu hizo mbili hazifanani hata kwa mbali, na familia imenyamaza kwa adabu kiasi cha kutosha. Ile ya ofisi inamwita marehemu "mdau", inausifu "ustahimilivu wake", na mtu asiyemjua akiisoma atadhani tunazika mradi. Hii hapa ni ya nyumbani, na anayeisoma ni binti yake wa kwanza, kwa niaba ya mama, ya wadogo zake, na ya ukoo mzima.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, na bibi alikuwa akisimulia kwamba hakulia alipozaliwa, mkunga akamchapa makofi, naye akamtazama tu kama mtu anayesubiri maelezo. Tabia hiyo ya kusubiri maelezo hakuiacha, na ilimgharimu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, ng'ambo ya mto, enzi hizo daraja likiwa daraja tu, watu wakivuka bila kuulizwa wewe ni wa nani na unamfuata nani, akafaulu na kuingia sekondari mwaka 1972, lakini alipofika kidato cha tatu vita vya kwanza vikazuka, askari wakahamia mabwenini, madawati yakawa kuni, na wanafunzi wakaambiwa waende nyumbani wakasubiri tangazo. Tangazo hilo halijatoka hadi leo. Kwa hiyo akaenda kujifunza ufundi redio kwa fundi mmoja mkali, mlevi, mwenye mikono ya dhahabu, na mwaka 1979 akafungua kibanda chake karibu na lango la Soko la Chini, mkabala na daraja, mahali alipoweza kuona kila anayevuka huku akichomelea nyaya. Mteja akimwambia redio yake imekufa, alikuwa akimkatiza, "Redio haifi, ndugu yangu, inanuna tu, hebu iache hapa tuongee nayo."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na mama yetu, aliyefahamiana naye pale kibandani alipotumwa kupeleka redio ya baba yake, na mama amekiri mara nyingi kwamba redio ile haikuwa na ubovu wowote, safari ya tatu hata betri alizigeuza mwenyewe kwa makusudi. Mama hakuja peke yake katika ndoa, alikuja na mdogo wake wa kiume, mtoto wa shule wakati huo, ambaye ndiye mjomba wetu, na marehemu alimlea kama wa kuzaa, akamsomesha, akamketisha kwenye kiti kirefu cha kibandani na kumfundisha mawasiliano ya redio hadi kijana akajua kuliko mwalimu. Mwenyezi Mungu akawajalia pia watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wote wako hapa.

Sasa tuje kwenye kazi ya amani, ambayo ofisi imeandika kwa urefu na sisi tutaieleza kwa ufupi unaotoshana na pumzi. Ujumbe wa kwanza wa kimataifa ulifika katika mji huu mwaka 2004 na magari meupe, wa pili ukafika mwaka 2008 na magari yale yale yakiwa yameandikwa jina jipya, wa tatu mwaka 2011, na kila ujumbe ulianza kwa kutuuliza tunahitaji nini, kana kwamba ule uliotangulia uliondoka na majibu mfukoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: daraja lililolipuliwa walilijenga upya, daktari wao ndiye aliyemwokoa mdogo wetu wa mwisho na homa ya uti wa mgongo, na yule kamanda mnene wa ujumbe wa kwanza alikuwa akija kibandani bila msafara, anakalia ndoo, anasikiliza taarifa ya habari na marehemu, wakitikisa vichwa pamoja. Lakini mazuri yao yalikuja pamoja na warsha, na warsha hazikuwa na mwisho. Tulifundishwa kudhibiti hasira na watu ambao hawakuwa wakifyatuliwa risasi. Siku moja alikuja mtaalamu kijana, mwenye heshima zake, akamuuliza marehemu, "Mzee, kwako wewe amani ni nini hasa?" na marehemu akaweka chini chuma chake cha kuchomelea akamjibu, "Kwangu mimi? Ni doria yenu ipite Alhamisi."

Maana doria ilikuwa ikipita Jumanne, na soko letu, kama mjuavyo, ni Alhamisi, na Alhamisi haikuwezekana, kwa sababu Alhamisi maofisa wote walikuwa kwenye kikao cha uratibu wa usalama. Hatutanii. Marehemu alilisema jambo hilo katika kila mkutano kwa miaka miwili, wakamwandika, wakamshukuru kwa mchango wake, na doria ikaendelea kulinda meza tupu.

Badala ya kuhamisha kikao wakaleta simu. Mwaka 2012 ukaanzishwa mtandao wa tahadhari ya mapema, kila mtaa ukachagua mshika simu, ukiona wenye bunduki wanajikusanya unapiga kambini, chumba cha mawasiliano kinapokea, magari yanateremka. Watu wa Soko la Chini walimchagua marehemu bila hata kupiga kura, nani mwingine anakaa mkabala na daraja kutwa nzima, naye akaibeba ile simu kifuani kwa kamba, akiijaribu kila asubuhi kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza vyungu, mpaka watoto wakambandika jina la Bwana Haloo, na yeye akalipenda. Mjomba wakati huo alikwisha kuajiriwa kambini, katika chumba hicho hicho cha mawasiliano, na marehemu alitembea mtaa mzima akisema kwamba mwanafunzi wake ndiye masikio ya kambi.

Tarehe 6 Juni 2013, siku ya Alhamisi, wenye bunduki walivuka daraja na kuingia sokoni. Walikufa watu kumi na mmoja, majina yao mnayajua, na miongoni mwao alikuwa mume wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama muuza mkaa. Magari ya kambini hayakuteremka. Siku hiyo walikuwepo wageni kutoka makao makuu, waliokuja kujionea jinsi mtandao wa tahadhari unavyofanya kazi, na magari yote yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, yameoshwa, yakisubiri kuwasindikiza uwanja wa ndege, na mji mzima uliyaona yakipita barabara ya juu na taa zimewashwa, wakati huku chini watu wanajificha chini ya meza za mboga.

Tume ikaundwa, ikakaa hotelini, ikatoa ripoti, na ripoti ikasema kwamba hakuna taarifa yoyote iliyopokelewa kutoka kwa jamii. Ile simu ilichukuliwa kwa uchunguzi na haikurudi. Kuanzia hapo kila mtu akawa na lake, wengine wakasema Bwana Haloo alisinzia, wengine wakasema alikimbia kwanza akakumbuka simu baadaye, na wachache, ambao leo wamekalia viti vya mbele na tunawaona, wakasema alijua na alinyamazishwa. Watoto wale wale wakawa wakimwona kwa mbali wanabana pua na kuimba, "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Alikuwa akiwapungia mkono.

Familia ilimuuliza, tusidanganyane, sisi nasi tulimuuliza. Binti yake huyu, kwa jeuri ya kusoma chuo kikuu, alimketisha kama mahakamani.

"Baba, ulipiga?"

"Nilipiga."

"Alipokea nani?"

"Kambini."

"Kambi haina mdomo, baba. Nani?"

"Mwanangu, nimekwambia kambini, sasa unataka nikutajie na rangi ya kuta?"

Na mama alipomuuliza kwa upole zaidi, wawili peke yao, alimjibu, "Mama watoto, lala," akageukia ukutani. Hakusema zaidi ya hapo kwa miaka tisa, huku wateja wakipungua mmoja mmoja, kibanda kikihama kutoka langoni hadi uani kwetu, na mama muuza mkaa, ambaye zamani alikuwa hawezi kupika bila kutuonjesha, akipita mlangoni na uso ameuelekeza upande wa pili. Marehemu aliendelea kumtengenezea redio yake kupitia kwa mtu wa kati, ili asijue imetengenezwa na nani. Ujumbe nao haukumsahau, ulimwalika kwenye warsha ya mafunzo yatokanayo na matukio, wakampa cheti cha mahudhurio.

Aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2017, figo zikaanza kusumbua mwaka 2021, akawa akipelekwa hospitali kuu kusafishwa damu, na mjomba ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha, hakukosa hata safari moja, akimshika mkono kwenye ngazi, wakikaa kwenye benchi la koridoni kimya kama watu waliogombana, na sisi tulidhani ni uchungu wa ugonjwa. Marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2022, alfajiri, katika wodi ya wanaume, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, hasa yule muuguzi wa zamu aliyemruhusu kusikiliza redio chini ya mto. Tunawashukuru majirani kwa maji, kuni na mikono. Tunawashukuru mafundi wenzake waliofunga vibanda leo. Tunaishukuru ofisi ya ujumbe kwa turubai na viti, ambavyo tumeelezwa kwamba vinahitajika kwenye warsha kesho asubuhi, vitarudishwa. Na wewe, baba, pumzika sasa katika amani iliyo kamili, isiyo na awamu ya pili wala tathmini.

Historia ilipaswa kuishia hapo, na hadi leo asubuhi iliishia hapo. Lakini leo asubuhi, sebuleni, ofisa habari wa ujumbe alikuja kuomba tuongeze sentensi moja tu, kwa ajili ya uhusiano mwema, kwamba siku ya tukio mawasiliano yalikumbwa na changamoto kwa upande wa jamii, na binti wa marehemu akaisoma kwa sauti, ili wote waliokuwepo waisikie ilivyo. Mama alikuwa amekaa chini, mjomba yuko mlangoni anafunga kamba za turubai, na mama muuza mkaa, aliyeingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, alikuwa akipepeta mchele.

Akaweka ungo chini. "Rudia hapo, mwanangu."

Ikarudiwa.

"Sasa mimi sijasoma," akasema, akimtazama ofisa. "Changamoto ni nini? Alipiga au hakupiga?"

Ofisa akasema suala hilo lilikwisha kushughulikiwa na tume.

"Sikuulizi tume. Tume haikumzika mume wangu. Huyu mtu nimemnunia miaka tisa, leo nakwenda kumtupia udongo, nataka kujua namtupia nani. Alipiga au hakupiga?"

Ofisa akafungua mkoba wake, akaufunga. Mama, bila kuinua kichwa, akasema, "Muache, shoga yangu, huyo ni mgeni, hajui kitu," na hapo mjomba akaachia kamba, turubai la mlangoni likaanguka upande mmoja na jua likaingia hadi miguuni kwa dada yake. Yaliyofuata yanasomwa kama alivyoyasema, kwa ombi lake mwenyewe, na yuko pale amesimama nyuma ya jeneza, mnamwona.

"Alipiga, dada," alisema. "Alipiga mara tatu. Niliambiwa hakuna gari linalotoka mpaka wageni waondoke, nikaogopa kwenda kumsumbua mkubwa mbele za wageni, nikasema shemeji naye ana wasiwasi wake. Mara ya tatu nilimwambia, shemeji, subiri kidogo. Tume ilipokuja nikasema simu haikulia. Nilikuwa peke yangu mle ndani. Haloo zake zote tatu nilizipokea mimi, na alijua ni mimi."