Sura za Batoto mu Serveur ya Beni

Bapendwa ba kanisa ya hapa Butembo, nabasalimia. Musinipigie mikono kwanza. Mungojee nimalize, juu hii ushuhuda yangu iko na maumivu, na haiishie vizuri yote.

Miye nafanya kazi Beni, ku bureau moja ya kidogo ya kanisa yenye inasaidia bazazi kutafuta batoto benye balipotea wakati wa kukimbia. Muzazi analeta picha kama eko nayo, tunapiga kopi, tunamurudishia yake. Halafu tunatumia ile kopi kwa benzetu ba Butembo, ba Kirumba, ba Alimbongo, fasi zenye bakimbizi banafikia, baangalie kama mutoto anaonekana kule. Njo kazi. Haiko na kelele, mais inachokesha roho.

Zamani kila mutu alichunga picha mu ordinateur yake, ile kompyuta. Nyuma tukapewa serveur. Bandugu, nabaambia, nilipoiona nilicheka. Sanduku tu, nyeusi, inakaa chini ya meza, haina hata kioo. Kazi yake ni kuchunga vitu vya ordinateur zote za bureau fasi moja. Fundi akaifunga, akatuonesha kidogo, akaenda zake. Mukubwa wetu akaangalia huku na kule, akasema: «Mama, weye njo unachelewaka kutoka. Utaichunga.» Masomo yangu yaliishia pale.

Basi nikaichunga vile nilijua. Munajua siye batu ba huku, vile tunaogopa moto. Maduka ngapi ziliungua juu ya kawaya kamoja? Mama yangu alinifundisha: ukifunga mulango, kata courant ya umeme mbele. Donc kila mangaribi nilikuwa nakata courant ya bureau yote ku disjoncteur, kile kifungo kikubwa cha ku ukuta, tak, halafu nafunga na naenda na roho ya kutulia. Hata siku moja sikusahau. Kumbe ile mashini haipendi kukatwa vile. Inaomba uiambie kwanza ilale, imalize kuandika vyenye inaandika. Miye nilikuwa nainyonga kila mangaribi, na sikujua.

Ndani yake kuko disque mbili zenye zinachunga picha, moja inaiga ingine, ili moja ikikufa ingine ibakie. Moja ilishakufa siku mingi. Kalampe kekundu kalikuwa kanawaka pale mbele, na miye nilizani njo alama ya kama iko inafanya kazi muzuri. Musicheke sana, hata nyinyi mungezani vile.

Asubuhi moja mashini ikakatala kuamka.

Sasa kuko mama mumoja, sitamutaja. Alikimbia upande wa Mangina, na mu ule muchafuko mukono wa binti yake ukamuponyoka. Alikuwa ametuletea picha: mutoto amevaa robe ya Noeli, anakunja uso juu ya jua. Tulipiga kopi, mais ilikuwa haiyatumwa bado, réseau ya internet ilitusumbua. Halafu akakimbia tena, na nyumba yenye alikuwa analala ikaungua, na picha yake mule. Akarudia kwetu. «Mama, munipe ile yenu, yangu imeisha.» Nikamuambia mashini inagonjwa, arudie kiisha posho moja, siku saba. Akakaa ku kiti, akasema pole pole: «Sauti yake naikumbuka. Sura njo inaanza kunipotea.»

Nilienda kulia mu toilette. Chakula kilinishinda. Nilikasirikia fundi, mukubwa, ile sanduku, na Mungu pia, niseme kweli mbele yake. Mukubwa akasema tuitupe, tuanze upya. Nikamuambia hapana, na siku ile sikumuambia na heshima mingi.

Nikasikia kama hapa Butembo kuko dada mumoja anafundisha ordinateur. Nikatosha zile disque, nikazifunga mu kitenge, nikapanda gari yenye ilifuata convoi ya jeshi. Ku barrière ya barabara soda mumoja wa jeshi akauliza: «Mama, hiyo nini?» Nikajibu: «Ni batoto.» Akaniangalia sana, akageukia benzake na lingala: «Tika ye akende,» baniache nipite. Tukapita.

Ule dada alikatala kunitengenezea. «Mama, nikiitengeneza miye, utarudia Beni kuikata tena. Ikaa, tutafanya na weye.»

«Sikukuja kusoma. Nakuja kutafuta picha.»

«Picha iko nyuma ya kusoma.»

Nilitaka kutoroka. Umri huu, vidole hivi, kifaransa cha ile mashini! Mais nilifikiria ule mama ku kiti, nikaikaa. Dada akanifundisha kama kitu kigonjwa hapana kukitingisha: kwanza unapiga kopi ya disque yote, na unafanyia kazi ku kopi. Tukaanza kutosha picha moja moja. Kuko zenye zilitoka nusu: kipaji cha uso, macho, halafu chini rangi ya majivu. Zingine hazikutoka kabisa, na zilikuwa haziyatumwa bado, na zile za bazazi zilipotea mu kukimbia. Bazazi ba bale batoto, nilibaendea miye mwenyewe kubaambia, na sitaki kusimulia nyuso zabo.

Ya binti ule ilitoka. Robe ya Noeli ilipotea mu majivu, sura yote ikabakia.

Nilipomupa mama yake karatasi, aliipanguza na kitenge, akaiangalia wee. Akasema: «Alikuwa na kovu hapa ku jicho. Nilikuwa nimeisahau.»

Leo ile serveur naifunga miye, naiamusha miye, nailalisha miye. Iko na batterie yake. Courant nakata bado, juu moto ni moto, mais mashini inalala kwanza. Na kopi za picha zote zinakuja huku Butembo, ili siku tukikimbia, sura za batoto zikuwe zimetangulia.

Wasingya, aksanti, dada yangu mwenye ulikatala kunihurumia. Wasingya, benye mulinilaza na kunilisha hapa. Na nyinyi benye munapewaga kitu ya kuchunga bila kufundishwa, muulize siku ya kwanza. Haya ya kuuliza inapita. Miye nilikawia, na bengine bakalipa.

Ule mutoto hatujamuona. Picha yake nimeibandika ku mulango wa hii kanisa, kwa mukono wa kuume. Mukitoka, musipite mbio. Muangalie ku jicho.