Mwalimu Pantaleo Mihayo na Somo la Wakaidi

Tarehe 31 Desemba 1957, Mwalimu Pantaleo Mihayo atafunga dawati lake katika Chuo cha Walimu Mwashilindi, Shinyanga, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, miezi mitatu na siku kumi na sita. Hesabu hiyo si yetu. Ni yake mwenyewe, na aliitoa mbele ya kikao cha walimu bila kuulizwa.

Ni desturi ya jarida hili kumsifu mstaafu kwamba hakuwahi kuchelewa wala kugombana na mtu. Tungependa kuifuata, lakini ukweli unatuzuia. Mwalimu Pantaleo alichelewa mara nyingi, kwa sababu hakuweza kumpita mfinyanzi kazini bila kusimama kumtazama. Na hapa chuoni hakuna mwalimu, tangu Mkuu hadi mwandishi wa maneno haya, ambaye hajabishana naye akashindwa. Sifa yake inakaa kwingine. Inakaa katika kipindi kimoja cha Jumatano, cha dakika arobaini, ambacho mara mbili kilikaribia kufutwa katika ratiba.

Alizaliwa upande wa Runzewe, kwa mama Msumbwa na baba Msukuma. Alianza kufundisha tarehe 15 Septemba 1926 katika shule ya nyasi yenye watoto kumi na tisa na isiyo na ubao. Waliandika kwa vijiti ardhini, na mvua ikinyesha kazi yote ya wiki ilikwenda na maji. Anapenda kusema kwamba tangu hapo hajawahi kuamini sana kitu kilichoandikwa.

Mwaka 1938 alihamishiwa Geita, kufundisha watoto wa wachimbaji wa dhahabu. Huko ndiko alikokutana na msanii wake wa kwanza mkaidi. Bwana Narendra, mwenye duka mashuhuri hapo mjini, alikuwa amempa mchimbaji mmoja aitwaye Selestine kazi ya kuchora ukuta wa mbele wa duka. Kanuni ya kazi hiyo ilijulikana na kila mtu: huchorwa sukari, mafuta ya taa, vitenge, majembe. Selestine alichora wateja. Aliwachora wamepanga foleni, kila mmoja na sura yake, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akigombana na aliyemruka mstarini.

“Nilikuambia uchore bidhaa,” alisema Bwana Narendra.

“Bidhaa zinaisha, Bwana. Wateja hawaishi.”

“Na huyu anayegombana? Unataka watu waseme dukani kwangu kuna ugomvi?”

“Nenda kamuulize yeye. Yuko ndani anasubiri chumvi.”

Kwa wiki nzima watu walikuja kujitafuta ukutani, na waliojikosa walidai waongezwe. Bwana Narendra aliuacha ukuta ulivyo. Mwalimu Pantaleo, aliyeyasikia maneno hayo akiwa amesimama hapo hapo na gunia la chaki begani, alirudi darasani na swali ambalo hajaliacha hadi leo: kwa nini aliyevunja kanuni aliwapendeza watu kuliko walioifuata?

Alipoletwa Mwashilindi mwaka 1949, aliomba apewe kipindi kimoja kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ili wajifunze habari za wasanii waliokiuka kanuni za kazi yao. Ratiba ilikiandika Utangulizi wa Elimu ya Utu. Wanafunzi walikiita Somo la Wakaidi, na jina hilo ndilo lililoshika. Humo walijifunza juu ya ukuta wa Selestine, na juu ya mfinyanzi mmoja wa Usumbwa aliyetengeneza mitungi yenye midomo miwili, na juu ya mwanamke wa Kikurya aitwaye Bhoke aliyeshona shanga nyeusi mahali ambapo bibi zake walishona nyeupe. Hawakutakiwa kukariri. Walitakiwa kubishana, na Mwalimu aliridhika kila darasa lilipokwisha bila watu kukubaliana.

Wapo walionung'unika kwamba ukimfundisha kijana habari za wavunja kanuni, unamfundisha kuvunja kanuni. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haina miguu. Kama ingekuwa kweli, basi kila asomaye habari za vita angekuwa askari, na kila asomaye habari za safari angekuwa baharia. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba mwezi Julai 1952 wanung'unikaji walipata ushahidi, na ushahidi wenyewe ulitoka mikononi mwa Mwalimu.

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa, lakini jarida hili linafika hadi pwani, kwa hiyo tueleze. Baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, hushindana katika uwanja mmoja. Kila kikundi hucheza upande wake, na hakuna mwamuzi ila watazamaji wenyewe: jua linapoelekea kuzama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Mwaka ule Bagalu waliongozwa na manju Lugwisha, mtu mwenye sauti iliyovuka mabonde mawili. Bagika waliongozwa na Nkwabi, kijana mwembamba ambaye hakuna aliyemtazamia makubwa.

Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wote sitini na wanne, wamevaa sare nyeupe, wakiwamo wasichana tisa wa kwanza kupokelewa chuoni. Aliwapa agizo moja: “Mkimwona msanii anavunja kanuni, msimtazame kwa mbali. Sogeeni.”

Tangu mchana Lugwisha alikuwa amekwisha kushinda. Watu walimzunguka safu kumi. Kisha, wazee wakiwa wanajiandaa kutangaza hukumu ya watazamaji, Nkwabi aliinua mkono na ngoma zake zote zikanyamaza. Akaketi chini vumbini akaimba kwa sauti tupu. Kanuni ya kwanza ya uwanja ule ni kwamba ngoma isinyamaze kabla ya hukumu. Wanafunzi wakaliona hilo, wakakumbuka agizo, wakasogea. Sare nyeupe sitini na nne zilivuka uwanja kwa pamoja, umati ukafuata nyuma yao, na Bagika wakatangazwa washindi.

Hakuna aliyekumbuka, ila Bagalu wote, kwamba baba yake Mwalimu Pantaleo alikuwa wa upande wa Bagika.

Jumatatu asubuhi Lugwisha alifika chuoni na wanaume kumi na mmoja. Waliketi mbele ya ofisi, wakakataa viti.

“Mwangaluka, Mwalimu.”

“Mwangaluka, manju.”

“Dawa ya mganga tunaijua, na tunajua kuitengua. Hii yako ya ubaoni tutaitengua kwa kitu gani?”

“Sikuweka dawa. Niliweka somo.”

“Somo linalovusha watu sitini uwanja mzima bila kuguswa,” alisema mmoja wa wale kumi na mmoja, “kwetu tunaliita dawa.”

Baraza la wazee liliandika barua ya malalamiko. Mkuu wa Chuo wa wakati huo, Mwingereza mpole aliyependa majibu mafupi, alimpa Mwalimu wiki mbili: apatane na Bagalu, la sivyo Elimu ya Utu ifutwe na kipindi chake kipewe somo la bustani, sehemu ya mbolea. Hatusemi neno juu ya mbolea. Tunasema tu kwamba Mwalimu hakulala vizuri kwa wiki hizo, maana alijua kwamba kosa lilikuwa lake. Alikuwa amewafundisha vijana kumtambua mvunja kanuni, na hakuwa amewafundisha maana ya kanuni yenyewe.

Hilo ndilo alilokwenda kumwambia Lugwisha nyumbani kwake, kwa miguu, maili tisa. Alimwomba aje awafundishe.

“Nije niwafundishe walionishinda?”

“Walikushinda kwa sababu hawakujua walichokiona. Mimi pia sikujua.”

Lugwisha alimwacha aketi hadi jua likahama kutoka upande mmoja wa boma hadi mwingine. Kisha akauliza kama darasa lina mlango mpana, kwa kuwa hatembei bila ngoma zake.

Alikuja Jumatano iliyofuata na ngoma saba, na wale wanaume kumi na mmoja nyuma yake. Alifundisha kwa saa mbili badala ya dakika arobaini, na Mkuu wa Chuo aliketi nyuma kabisa na saa yake mkononi. Alionyesha namna manju anavyoingia uwanjani, nani hupiga kwanza, nani haruhusiwi kugeuka. Ndipo msichana mmoja aitwaye Zipora, aliyekuwa hajasema lolote tangu afike chuoni, akanyoosha mkono, akasimama.

“Shikamoo, Baba. Kwa nini ngoma isinyamaze?”

“Marahaba. Kwa sababu ikinyamaza katikati, maana yake manju amefiwa. Ameletewa habari hapo hapo uwanjani. Watu huacha kila kitu wakaenda kumshika mkono.”

Zipora hakukaa.

“Kwa hiyo siku ile umati haukutufuata sisi?”

Lugwisha akaiangalia ngoma iliyokuwa mapajani mwake kana kwamba imemsema vibaya.

“Walikwenda kumpa pole,” alisema polepole. “Wale watu wangu, safu kumi, walikwenda kumpa pole Nkwabi. Wakafika wakakuta anaimba.” Kisha akaanza kucheka, kicheko kile kile kinachovuka mabonde. “Miaka yote naitunza kanuni ile, kumbe namnolea mwenzangu panga.”

Wale kumi na mmoja walicheka baada ya kuona kwamba yeye amecheka. Mkuu wa Chuo akaiweka saa yake mfukoni. Alipotaka kushukuru na kufunga, Lugwisha alimwambia kwamba hajamaliza, na kwamba kipindi hicho kisiguswe mpaka atakapomaliza. Hajamaliza hadi leo. Kila Januari anakuja, na kila mwaka wa kwanza huanza kwa kujifunza kanuni kutoka kwa anayeipenda, kabla ya kusikia habari za aliyeivunja.

Tunathubutu kusema kwamba somo lile la saa mbili ni mchango mkubwa kuliko mingi iliyopewa nishani. Asiyeijua kanuni hawezi kumwona aliyeivunja. Ataona vurugu tu. Mwandishi wa maneno haya, aliporejea mwaka jana kutoka Makerere na orodha ndefu ya wachoraji wa Ulaya, alitaka iingizwe mara moja katika somo. Mwalimu aliisoma yote, akauliza swali moja: “Huyu wa kwanza alivunja kanuni ya nani?” Alijibiwa kwamba ni ya wakuu wa sanaa wa mji wake. “Wanafunzi wanaijua?” Hawakuijua. “Basi anza na wakuu.” Tulibishana hadi chai ikapoa, na orodha ile bado inaanza na wakuu.

Mwezi Oktoba swali la zamani lilirudi. Mwalimu anaondoka, kipindi chake kitakwenda wapi? Mkuu wa sasa, Bwana Herman, aliomba maandalio ya masomo, na ikabainika kwamba hayapo. Kwa miaka minane Mwalimu aliandika ubaoni na akafuta. Walimu wawili wakapendekeza tena bustani. Mwandishi huyu akaleta muhtasari wa mada kumi na mbili, umepigwa taipu, na akautetea kwa nguvu zake zote. Mwalimu Pantaleo aliusikiliza hadi mwisho.

“Mwanangu, umeandika vizuri kabisa,” alisema. “Sasa tumpate wa kuuvunja.”

Akamtazama Zipora, ambaye tangu mwaka 1955 ni mwalimu mwenzetu. Zipora aliuchukua muhtasari, akaupitia, akauweka mezani.

“Mada kumi na mbili nazikubali,” alisema. “Lakini nitatoa mtihani.”

Kikao kizima kiligeuka. Katika miaka yote minane somo hilo halikupata kuwa na mtihani, na Mwalimu alikuwa amewakatalia wakuu wawili, mkaguzi mmoja wa elimu na wazazi wasiohesabika. Alikuwa akisema kwamba ubishi hautiwi alama.

“Mtihani nimeukataza, Zipora.”

“Najua, Mwalimu. Nimekusikia tangu nikiwa mwanafunzi wako.”

“Na unajua kwa nini niliukataza?”

Zipora alimweleza. Alieleza sababu zote, kwa mpangilio, kwa ufasaha kuliko Mwalimu mwenyewe alivyowahi kuzieleza, naye hakukosea hata moja. Kisha akasema kwa nini, pamoja na hayo, atatoa mtihani: kwa sababu somo lisilo na mtihani ndilo la kwanza kufutwa mwenye nalo anapoondoka, na hakutaka kukaa tena katika kikao kama hiki.

Mwalimu Pantaleo alimgeukia Bwana Herman.

“Andika jina lake.”

Ratiba ya 1958 imekwisha kubandikwa. Jumatano, kipindi cha tatu, Elimu ya Utu, Mwaka wa Kwanza: Mwalimu Zipora.

Tunamshukuru Mwalimu Pantaleo kwa miaka thelathini na mmoja ya kazi, kwa chaki alizomaliza na kwa hoja alizotushinda nazo. Tunamshukuru pia Mama Serafina, mkewe, aliyetangulia Kalangalala, Geita, kupanda mihogo na kupaka chokaa nyumba watakayoishi, na aliyetuagiza tusimcheleweshe mumewe njiani. Mwalimu, uende Geita kwa amani, upate afya, majirani wabishi na jioni zisizo na kengele. Mtihani wa kwanza utafanyika tarehe 26 Machi. Nakala yako itatumwa kwa posta, na Mwalimu Zipora anasema utapewa muda uleule kama wengine.