Masega ya Ramiro

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya lori, kwenye kona moja ya Iztapalapa, jijini Mexico, mbele ya meza ya kahawa ya mama Cuca. Wenye benchi ni walewale: Koleo, fundi aliyefungiwa gereji lakini hajafungiwa mdomo, Wakili, ambaye mahakamani kaingia mara moja tu, tena kwa pingu, na mzee Eleuterio, mwoka mikate mstaafu, ambaye tangu amzike mwanawe Ramiro mwezi wa pili huja pale kukaa tu. Ng'ambo ya barabara limesimama gari jekundu la marehemu, lenye turbo aliyoifunga kwa mikono yake. Askari wa barabarani wamelibandika karatasi kiooni: liondoke kabla ya Jumamosi, ama breki dauni, lori la kukokota magari, italibeba. Na kuliendesha bila stika ya kipimo cha moshi ni kosa jingine. Jana, Jumatano, mzee alilipeleka kupimwa. Likafeli.

— Lilifeli vibaya, au lilifeli kiungwana? Koleo akauliza.

— Yule binti wa pale alidhani mashine yake imekufa, mzee akasema. Akapima mara ya pili. Halafu akaenda kufungua madirisha.

Wakili akacheka, akaona kacheka peke yake, akageukia ushauri.

— Hilo dogo, mzee wangu. Mwaga spiriti tangini, lita tano, moshi wote unasafishika. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Basi we mwaga tu!

— Methali hiyo si ya hapo, bwana.

— Methali ni spana, Koleo. Unafunga nati iliyopo.

— Spiriti itamchomea injini! Gari la turbo linataka joto. Unalikimbiza barabara kuu mpaka lipate moto sawasawa, unaingia nalo kwenye kipimo linahema. Kwenye foleni usilizime.

— Foleni ilikuwa ya saa mbili nzima, mzee akasema. Na lilinizimikia lenyewe, mara tatu. Klachi yake ngumu. Sikuwahi kuliendesha kabla ya jana.

Mama Cuca akamwongezea kahawa bila kuombwa. Ilinukia mdalasini, lakini mzee hakuwa na hamu nayo. Alikuwa akilitazama gari.

— Basi tuzibe bomba, Wakili akaendelea. Steliwuli, umeilowesha siki, unaisukumia ndani ya ekzosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bomba liko wapi? Mvunguni! Inama!

— Na likiziba, gari lizimike tena? Koleo akauliza.

— Ngoja kwanza. Shida si gari, shida ni huu mji. Tuko juu mno, hewa nyembamba. Gari linapumua kama mimi nikipanda ngazi. Lipeleke bondeni, Cuernavaca, ujaze matairi hewa nzito ya kule, kisha urudi nalo. Mashine itapima hewa ya Cuernavaca!

— Loo! Koleo akajipiga kofi gotini. Mungu alikunyima gereji, akawahurumia wenye magari. Sikiliza, mzee, uachane na huyu. Ramiro alikuwa analipitisha kila mwaka, na namna yake naijua. Siku mbili kabla, anaingia chini ya gari, anavua madude yake, anarudisha ekzosi ya kiwandani pamoja na masega, yale yanayochuja moshi. Likishapata stika, anavua tena, anarudisha yake. Kila mwenye turbo hapa mjini ana sanduku la vifaa vya kiwandani, kalisukuma mahali. Nipe hilo sanduku sasa hivi. Nalala chini ya gari leo hii, sitaki hata senti. Kesho linapita.

Mzee Eleuterio akaweka kikombe chini. Jambo hili alilijua tangu jana, pale binti wa mashine alipochungulia mvunguni akasema masega hayapo, na tangu jana limemkaa kifuani.

— Sanduku halipo, akasema.

— Halipo vipi? Kibandani mwa Ramiro umeangalia?

— Nililitoa mwenyewe. Tulipomaliza zile siku tisa za sala, nikawa siwezi kupita mbele ya kile kibanda. Nikasema nikisafishe, labda nitapumua. Gari la skrepa likapita, lile la kipaza sauti chenye sauti ya mtoto iliyorekodiwa, inayoita vyuma chakavu. Nikawaita. Nikaona sanduku la mabomba yenye kutu, nikadhani takataka.

— Lote?

— Mpaka nati. Tena lilikuwa zito, nikawasaidia kulipandisha.

Mama Cuca akafanya ishara ya msalaba. Koleo akavua kofia, akaivaa tena.

— Mapya yatatoka ng'ambo, akasema kwa sauti ndogo. Wiki tatu, tukibahatika.

— Tutayatafuta yaleyale! Wakili akaruka. Chuma hakiozi! Yadi za skrepa nazijua zote, tunaingia moja moja, tunapekua.

— Ni miezi saba, Wakili, Koleo akasema. Yameshayeyushwa. Yameshakuwa nondo za ghorofa la mtu.

— Basi tulitafute ghorofa!

Mzee nusura acheke, kisha akaligeukia gari.

— Halibebwi, akasema. Ramiro alibebwa kupelekwa hospitali mbele ya macho yangu, kwa homa ya mapafu, kijana mzima, na mimi nimesimama tu nimeshika koti lake. Hili hawalibebi. Nasema hawalibebi!

Pembeni ya meza alikuwa amesimama mwanamke aliyehamia mtaani wiki ile, yuko na sare ya dobi, anangoja kahawa yake ya kwenda nayo kazini.

— Samahani jamani, mimi mgeni, akasema. Mzee, likipita, utakuwa unaenda nalo wapi?

— Swali gani hilo! Wakili akadakia. Mtu mwenye gari si anakwenda... anakwenda...

— Popote anapotaka, Koleo akamsaidia.

— Ndiyo, kaka. Popote wapi?

Wala hakuuliza kwa kejeli. Mzee akalifikiria swali kwa dhati. Kanisa liko pale pale. Sokoni huenda kwa miguu. Makaburini pia huenda kwa miguu, makusudi, maana zile dakika arobaini za njiani ndizo zake za kuongea na mwanawe. Akajaribu kupata mahali pengine, akakosa. Mwenye pa kwenda alikuwa Ramiro.

Mama Cuca akainamisha chungu juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka machicha.

— Koleo, mzee akasema, hao wa breki dauni Jumamosi huja saa ngapi?

— Saa tatu asubuhi, mzee. Wakichelewa, saa nne.

— Basi kesho uje unisaidie kuliosha, walibebe safi.