Kamba ya Pembeni

Kinyozi alizikwa juzi, na leo kayaki yake, kile chombo chembamba cha plastiki cha mtu mmoja, imeegemezwa ukutani hatua chache kutoka kijiweni. Kamba ya nanga bado imefungwa katikati ya ubavu, fundo limekaza halifunguki. Shona, fundi viatu, mdogo wake Kinyozi, alikuwa ameshika kiatu cha mteja tangu asubuhi bila kukitia hata uzi. Nyumbani kulimshinda. Hapa benchini angalau kulikuwa na kahawa na maneno, maana Redio, mwenzao mpenda kusema, hajawahi kuzimwa.

— Nanga ilikuwa nyepesi, alisema Redio. Mto ukambeba.

— Nyepesi wapi! alidakia Nahodha, ambaye maisha yake yote amepanda kivuko mara moja tu, tena akitapika. Ilikuwa nzito, ikamzamisha.

— Basi alivutwa. Samaki.

— Samaki gani wa kumpindua mtu mzima?

— Wapo mle, wana masharubu mpaka huku. Wanamjua kinyozi kwa harufu ya sabuni.

— Toka hapa!

— Haya, bisha. Kuna watu waliusikia mto ukimwita jina siku tatu.

Shona alikitua kile kiatu.

— Kaka yangu hakuitwa na mtu. Mvuvi wa ng'ambo aliona kila kitu, kaniambia. Maji yalikuwa yanakwenda mbio. Kamba ilikaza pale ubavuni, kayaki ikakaa kingamo, imeupa mkondo ubavu, ikalala, maji yakaingia. Angefunga kwenye ncha, ingejinyoosha na mkondo. Na fundo lingekuwa la kuvuta mara moja likaachia, angeiacha nanga hukohuko akarudi kwake.

— Sasa hilo si linajulikana? alisema Nahodha. Nanga haifungwi ubavuni, jamani. Hata mtoto anajua.

— Mimi nalijua siku nyingi, alisema Redio.

Mke wa Kinyozi alikuwa anatoka kwenye kibanda cha mumewe na beseni la taulo na mikasi. Akasimama.

— Habari zenu, kaka zangu.

— Salama, shemeji. Pole sana.

— Asante. Nimewasikia. Siku aliyoinunua hii kayaki alirudi nyumbani anacheka peke yake. Akaniambia, mke wangu, nimewauliza wenzangu kijiweni nanga nifunge wapi. Wameniambia pembeni, karibu na mkono, tena nikaze kabisa. Nani alimwambia?

Redio akajisogeza mwisho wa benchi. Nahodha akazungusha kikombe kilichokwisha kahawa.

Shona aliikumbuka siku ile vizuri. Kaka yake alisimama hapahapa na kamba mpya mkononi, akimtazama kila anayesema, na wote walisema kwa pamoja, huyu hivi, yule vile, vicheko juu yake. Yeye mwenyewe alipaza sauti ili asishindwe na Redio. Sasa alijaribu kuzitenga zile sauti, moja moja, aipate iliyosema pembeni. Zilimchanganyikia.

— Shemeji, alisema mke wa Kinyozi, akimgeukia Shona sasa. Wewe ulikuwepo?

— Nilikuwepo.

— Ulimwambia nini?

Shona alianza kulia, kwa sababu alitaka kumjibu, na hakukumbuka.