Neno Moja Nyuma ya Mstari

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Michezo na Majengo. Dereva wako uliyekuja naye. Mlinzi wetu wa geti. Na viti ishirini na sita ambavyo havikupata watu:

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa Klabu ya Upinde ya Ukumbi wa Nyuma tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kupima ukumbi huu, maana ofisi yako inataka kuufanya stoo ya meza za mitihani. Hata hivyo umekubali kutusikiliza kabla ya kutoa futi yako mfukoni, nasi tunashukuru.

Tuseme mapema, usije ukahangaika kutafuta wenzetu kwa macho. Mwanachama aliyebaki ni mmoja. Ni katibu, mshonaji mstaafu, na ndiye anayekusomea. Risala ya klabu husomwa kwa "sisi", na katibu si mtu wa kuvunja utaratibu.

TULIKOTOKA

Tulianza watu kumi na tisa, miaka thelathini na moja iliyopita. Mwaka wa pili, Jumamosi moja, fundi bomba alikwenda kuchomoa mishale yake kwenye shabaha, na mwenzake aliyekuwa akipiga soga akaachia mshale wake. Ulipita chini ya kwapa ukatoboa shati. Fundi bomba hakuumia, ila alikaa sakafuni akacheka mpaka akalia. Shati lile bado tumelitundika ukutani, lile la mistari.

Tangu siku hiyo katiba yetu ina kifungu ambacho hakijavunjwa hata mara moja. Hakuna kuachia mshale mpaka mwanachama mwingine asimame nyuma ya mstari, ahakikishe kwa macho yake kwamba mbele hakuna mtu, kisha aseme, "Wazi."

VIFAA NA MAJINA YAKE

Tuna pinde tatu, mmoja umepasuka. Uzi unaoukaza upinde unaitwa upote, na katibu husokota upote mwenyewe kwa nyuzi za cherehani kumi na nne, akazipaka nta. Upote huvuliwa kila baada ya mazoezi, kwa sababu upinde ukikaa umekazwa siku zote huchoka, kama mtu tu. Mishale tunayo kumi na mmoja, imelala ndani ya podo la ngozi. Kichwa cha chuma ni kigumba. Mkiani kuna manyoya matatu, mawili meupe na moja jekundu. Hilo jekundu sisi tunaliita jogoo, na lazima litazame nje, mbali na upinde, la sivyo mshale utakwenda unakojua wenyewe. Shabaha ni gunia lililoshindiliwa vipande vya vitambaa. Ndani ya gunia hilo kuna sare za shule, magauni ya harusi na suruali za nusu ya mtaa huu.

MAFANIKIO

Tulishinda ngao mara moja. Imepata kutu kidogo. Aidha, katibu aliwahi kupiga mishale sita mfululizo katikati ya shabaha. Mwenyekiti, ambaye ni wifi yake na muuguzi mstaafu, akamwambia, "Leo umekula nini, nami nikale?"

CHANGAMOTO

Wengine walihama, wengine magoti yaliwakataa, wengine tuliwazika. Mwisho walibaki katibu na wifi yake, kila Jumamosi, mmoja akipiga na mwingine akisema wazi. Kisha wifi naye akachukuliwa na mwanawe akaishi naye mbali. Sasa ni mwaka na miezi minne.

Katibu alijaribu kumpigia simu. Alisimama kwenye mstari, simu ameibana begani.

"Wifi, sema wazi basi."

"Niseme wazi naona nini? Huku naona ukuta wa jikoni."

"Mimi nakuambia hakuna mtu."

"Wewe hujawahi kuangalia nyuma ya nguzo hata siku moja. Siwezi kusema uongo, nikaua mtu bure." Wakacheka wote wawili, halafu salio likaisha.

Mlinzi wa geti naye aliombwa ajiunge. Alijibu kwa adabu, "Mama, mimi na vitu vyenye ncha tumekosana tangu utotoni."

Kwa hiyo kila Jumamosi katibu hufagia, hutundika shabaha, huuvisha upinde upote, huvuta hadi shavuni, kisha huurudisha upote taratibu bila kuachia. Anauvua, anafunga mlango, anakwenda zake. Kuna atakayeuliza, si apige tu, nani anamwona? Hilo ndilo lenyewe, mheshimiwa. Hakuna anayemwona. Ni upweke, na hatuna jina lingine la kuupa.

MAOMBI

Kwanza, ikiwa meza lazima zije, zipangwe upande wa dirishani, utuachie njia ya hatua tatu kwa ishirini.

Pili, tangazo letu libandikwe kwenye ubao wa ofisi yako. Tumeliandika tayari, na pini tumeweka.

Tatu ni hili. Kwa katiba yetu, mgeni rasmi akishatia saini kitabu cha wageni ni mwanachama wa siku moja. Ulitia saini pale mlangoni. Tusamehe kwa kutokueleza kabla. Tuliogopa ungeirudisha kalamu. Upinde umeshavishwa upote tangu asubuhi na jogoo anatazama nje. Tunakuomba usimame nyuma ya mstari, utazame kushoto, kulia, na nyuma ya nguzo, kisha useme lile neno. Hata tukikosa shabaha, hatutalalamika.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na popote utakapokuwa asikukoseshe mtu wa kusimama nyuma yako.

Ni sisi,
Klabu ya Upinde ya Ukumbi wa Nyuma,
tumesimama kwenye mstari, tunakusikiliza.