Jina Lisilale Nami

Sogeeni karibu, wanangu, na mlango uacheni wazi nilione shamba langu la chai. Nasema Kiswahili makusudi, ili Apondi, mke wa Manasseh, aliyekuja kwetu kutoka upande wa ziwa, asipitwe na neno hata moja, maana jambo lenyewe limo tumboni mwake.

Mali haina maneno mengi. Chai ya juu ni ya Manasseh, ya bondeni pamoja na migomba ni ya Bonareri, na atakayesema binti harithi aje aniulize kaburini. Kilichobaki ni ile filamu.

Bonareri, mama, uliponiambia unatengeneza filamu isiyo na hadithi wala maneno, nilidhani umekosa waigizaji. Ukanipiga picha nikichuma chai, kisha ukanilaza katika shimo tulilochimba la kupandia mgomba, ukanifunika majani makavu. Kosa letu lilikuwa kwamba shimo lenyewe liko kulia kwa nyumba, na Gesima nzima inajua mwenye boma huzikwa upande gani. Majirani wakapita, wakaona miguu yangu imetokeza, na muda si muda wanawake wakaingia uani wakilia kwa sauti. Nikaketi, nikawauliza nani amekufa. Walivyotimua mbio, mbavu ziliniuma kwa kicheko mpaka Sabato.

Manasseh, wewe hukucheka. Kule ukumbini Keumbu, filamu ilipoonyeshwa, uliona majani ya chai yakiruka kutoka kikapuni na kurudi kwenye michai, baba yako akiinuka shimoni na kutembea kinyumenyume mpaka mlangoni, kisha giza tupu, na ndani ya giza mtoto analia bila kuonekana. Ukatoka nje. Ulisema dada yako anahubiri kwamba wafu hurudi na miili mingine, ukaapa mtoto wako hataitwa Onyiego, jina langu, hata nikifa. Na tangu siku hiyo unaniita "mzee", kama unavyomwita mtu yeyote stendi. Liliniuma, mwanangu. Liliniuma kuliko hiki kifua.

Sasa nisikilizeni niwafasirie, kwa sababu aliyelala shimoni ni mimi. Mgomba ukishazaa tunaukata, na unaochipuka kando si uleule. Ni mwanawe, na utazaa mkungu wake. Mimi sirudi. Nitalala nisubiri parapanda kama unavyotufundisha kanisani, na sina haraka. Yule anayelia gizani si mimi, ni mtu mwingine anayengoja kuitwa. Kwetu mtoto hapewi jina la babu aliye hai, ndiyo maana picha inaishia gizani. Bonareri angeimaliza vipi na mimi bado niko hapa nakunywa uji? Mimi nitalala, lakini jina langu lisilale nami.

Wala hili si geni kwako. Dada yako ana jina la mama yangu, nami nimemwita mama tangu akiwa mchanga, naye hunigombeza nikiingia na matope kama mama mwenyewe alivyonigombeza. Wewe jina lako la nyumbani ni Ogari, la baba yangu. Kila nilipochukua kiboko, marehemu mama yenu aliniuliza, "Kwani utampiga baba yako?" Nami nikakiweka chini. Jina hilo limekuepusha na viboko vingi, Manasseh, na sikukusikia ukiliita ushetani.

Nipe maji kidogo, Apondi. Asante, mwanangu. Inatosha.

Nizikeni kulia kwa nyumba, kando ya ule mgomba tulioupanda shimoni, na msiukate. Filamu msiionyeshe matangani, watu wapate kula kwa amani. Manasseh na Bonareri, mle sahani moja siku hiyo, nyote wawili, watu wawaone.

Akizaliwa msichana, mwiteni Nyanchoka, jina la mama yenu. Mimi nitangoja zamu, nimezoea kumpisha. Akiwa mvulana... Bonareri alete kamera, asimame uani. Wewe, Manasseh, ndiye utakayetoka naye mlangoni. Hapo picha imeisha.

Nimeshiba, wanangu. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na nyumba hii isikose sauti ya mtoto. Niinamieni... pumzi inakataa. Manasseh, shika mkono huu. Akilia, usimwite mzee. Mpakate, umwambie... nyamaza, baba.