Lorna Spotted Heron Aweka Chini Kikwangulio cha Ngozi

Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana ya mawe ya makumbusho yetu, Lorna Spotted Heron anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Umri wake wa kustaafu haujafika. Mapafu ndiyo yaliyotangulia.

Kazi yake ilikuwa kuchonga visu na vikwangulio vya mawe kama vya wazee wetu waliowinda nyati huku Montana, Marekani, kisha kuvitumia kwelikweli: kuchuna, kupasua mifupa, kukwangua ngozi. Jiwe likishalika, tunaulinganisha ukingo wake na wa jiwe la kale kwenye hadubini, tujue lile la kale lilifanya kazi gani. Mimi, Darnell, ni mchongaji wa pili kwa ubora hapa. Yeye hukumbusha watu kwamba tuko wawili tu.

Wazee walichonga nje, upepo ukachukua vumbi. Sisi, kwa kuogopa baridi, tulifunga mlango tukawasha jiko, vumbi la mawe likabaki nasi ndani. Alipoanza kukohoa tulimtania kuwa ni sigara, na hajawahi kuvuta hata moja.

Mwezi uliopita aliomba ngozi moja ya mwisho. Kuna kikwangulio cha kale kilichomnyima raha miaka mingi: kimelika pembe zote mbili, wakati mkono wa mtu huelemea upande mmoja. Alitaka akwangue ngozi nzima peke yake, aone kama mtu akichoka hubadilisha mkono. Alipofika katikati pumzi ikamkatika. Akaketi sakafuni na mtungi wake wa oksijeni.

"Shangazi, basi," nikamwambia.

"Niache nusu ngozi? Shika wewe, mvivu. Na usinitobolee matundu."

Nikamalizia, na matundu hayakuwepo, kaulizeni. Yeye hutumia mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Kwenye hadubini jiwe letu lilikuwa limelika pembe zote mbili, sawasawa na lile la kale. Lorna akalishika lile la kale.

"Kumbe na yeye alishindwa kumaliza," akasema. "Akampa mwenzake."

Mkuu wetu anasema jaribio moja halitoshi, inabidi lirudiwe. Nitalirudia mimi, mlango ukiwa wazi, theluji iingie ikitaka.

Shangazi Lorna, asante kwa kila kitu, matusi yakiwemo. Nenda ukapumzike, kuni wakukatie wanao. Tunakutakia pumzi ndefu.